Kabla ya Kununua Hisa za Kampuni ya Intaneti

Mwanzoni mwa Desemba 2025 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba inaiuzia Vodacom ya Afrika Kusini asilimia 15 ya kampuni ya simu na intaneti ya Safaricom, kwa shilingi 34 kila hisa. Jumla yake ni shilingi bilioni 204.3. Wakati huo hisa hizo hizo zilikuwa zikipatikana kwa bei ya chini zaidi katika Soko la Hisa la Nairobi. Swali likazuka hata mbali na Nairobi: ikiwa mnunuzi mkubwa yuko tayari kutoa 34, je, mtu aliyeuza ng'ombe wake Garissa na kubaki na laki moja mkononi naye anunue?

Huko Balambala, katika Kaunti ya Garissa, swali hilo lina uzito wake. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulifagia mifugo ya kaskazini mashariki mwa Kenya, na mwishoni mwa 2023, mvua iliporudi, ilirudi na mafuriko ya Mto Tana yaliyokata barabara ya Garissa. Mtu aliyeona mali yake ikifia malishoni ana haki ya kutafuta mali isiyokunywa maji wala kuhamishwa. Intaneti inaonekana kuwa ndiyo hiyo. Kuanzia Sankuri hadi Saka na Danyere, picha ya fahali hutumwa WhatsApp kabla fahali mwenyewe hajapanda lori, na malipo huingia kwa M-Pesa. Kampuni inayouza huduma hiyo itakosaje faida?

Faida haikosi. Kinachotakiwa kuulizwa ni bei anayolipa mwenye kununua ili apate fungu lake katika faida hiyo, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2021 Safaricom ilipata faida halisi ya shilingi bilioni 68.7. Miezi michache baadaye hisa moja ikapita shilingi 40. Katika mwaka uliokwisha Machi 2024 faida iliyowafikia wenye hisa ilikuwa takriban bilioni 63, lakini katikati ya mwaka huo, Desemba 2023, hisa ilikuwa imeporomoka hadi chini ya shilingi 14. Mwaka uliofuata faida ikawa bilioni 69.8, na kabla ya 2025 kwisha serikali ikapata mnunuzi wa kulipa 34. Katika miaka hiyo mitatu faida ilicheza kati ya bilioni 63 na 70, ilhali bei ilitoka zaidi ya 40 ikaanguka hadi chini ya 14, kisha akatokea mnunuzi wa 34. Wawekezaji wa kigeni walikuwa wameondoa fedha zao riba zilipopanda Marekani na shilingi ya Kenya ilipodhoofika, na hasara za biashara mpya ya Safaricom nchini Ethiopia zikawatia watu hofu. Kampuni yenyewe haikubadilika kwa kiasi kile.

Hebu laki moja ya mfugaji ipigiwe hesabu. Dalali wa hisa na ada za soko huchukua takriban asilimia 2, kwa hiyo zinabaki 98,000. Kwa bei ya shilingi 14, fedha hizo zilinunua hisa 7,000. Gawio lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa, yaani 8,400 kwa mwaka, na baada ya kodi ya asilimia 5 anayokatwa mkazi wa Kenya zinabaki 7,980. Kwa bei ya 34, fedha zile zile zinanunua hisa 2,882, na gawio lile lile la 1.20 linamletea 3,285 tu baada ya kodi. Kampuni ni moja, gawio ni moja, na anayenunua ghali anapata chini ya nusu.

Benjamin Graham, aliyemfundisha Warren Buffett katika Chuo Kikuu cha Columbia, alijenga somo lake lote juu ya jambo hili: piga hesabu ya thamani ya kampuni, kisha usinunue mpaka bei iwe chini ya thamani hiyo kwa kiasi cha kukukinga ukikosea. Mchuuzi wa mifugo wa Garissa analijua somo hilo bila kusoma kitabu. Anafungua kinywa cha ng'ombe na kuhesabu meno, anapapasa mgongo na nyonga, anauliza alikolishwa, anatoa gharama ya lori hadi Nairobi na hatari ya wale watakaofia njiani, ndipo anataja bei. Bei anayoitaja huwa chini ya ile anayotarajia kuipata mwisho wa safari.

Kwa kampuni ya intaneti, kinachopapaswa ni ripoti ya mwaka. Mwekezaji mdogo hana haja ya kuisoma yote, maana picha za wakurugenzi na hotuba ya mwenyekiti hazimsaidii. Aende moja kwa moja kwenye ukurasa wa mtiririko wa fedha. Mstari wa kwanza wa kutafuta ni fedha taslimu zilizotokana na biashara yenyewe. Wa pili ni fedha zilizotumika kununua mitambo na kujenga mtandao. Atoe cha pili kwa cha kwanza. Kinachobaki ndicho kinachoweza kulipa gawio na madeni. Kampuni ikilipa gawio kubwa kuliko hicho kinachobaki, basi inalilipa kwa kukopa au kwa kula akiba, na gawio la namna hiyo halidumu.

Kwa nini ukurasa huo hasa? Kwa sababu biashara ya intaneti hula mtaji bila kushiba. Mtu anayeona mlingoti umesimama anadhani kazi imekwisha. Nje ya mji wa Garissa, mahali pasipofikiwa na umeme wa gridi, mlingoti mmoja una jenereta, tangi la dizeli, betri, paneli za sola, ua wa waya na mlinzi wa usiku na mchana. Dizeli husafirishwa kwa barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Betri huchakaa, huibwa, hubadilishwa. Ikija teknolojia mpya, kutoka 3G hadi 4G na sasa 5G, vifaa vya juu hubadilishwa ilhali wateja wa chini ni wale wale, na bando wanalonunua linazidi kuwa rahisi. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera kuna gharama nyingine isiyojulikana sehemu nyingi za nchi: Al-Shabaab wamelipua milingoti mara kadhaa, na mafundi hawawezi kurudi kuitengeneza mpaka usalama upatikane. Ndiyo maana baadhi ya milingoti ya maeneo haya imejengwa kwa msaada wa Mfuko wa Huduma kwa Wote unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Hesabu ya biashara peke yake isingeifikisha huko.

Ukurasa wa faida unaweza kuficha haya. Ukurasa wa fedha taslimu ni vigumu zaidi. Marekani walijifunza hilo kwa machozi. WorldCom, iliyokuwa kati ya kampuni kubwa kabisa za simu na intaneti, ilikuwa ikilipa kampuni nyingine ada za kupitisha mawasiliano kwenye nyaya zao. Ada hizo ni matumizi ya kawaida ya kila mwezi, lakini wakubwa wake waliziandika kama ununuzi wa mali ya kudumu, faida ikaonekana kubwa. Julai 2002 kampuni ikafilisika, na hakukuwa kumetokea kufilisika kukubwa kama huko katika historia ya Marekani hadi siku hiyo. Waliozitazama fedha zilizobaki baada ya gharama zote, badala ya faida iliyotangazwa, walikuwa na sababu ya kushtuka mapema.

Kenya nayo ina kisa chake, na kinafaa zaidi kwa sababu hakina ulaghai wowote. AccessKenya, kampuni ya ndugu wawili David na Jonathan Somen, iliuza intaneti kwa ofisi na makampuni, hasa Nairobi. Iliingia Soko la Hisa mwaka 2007 kwa shilingi 10 kila hisa, maombi yakazidi hisa zilizotolewa, na bei ikapanda hata kupita mara mbili ya hiyo 10. Wakati ule intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali mno. Aliyekuwa na wateja wa kulipa bei hizo alionekana amekalia mgodi. Kisha mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Intaneti ikawa nyingi na bei ikaanguka. AccessKenya ililazimika kuchimba mitaro na kutandaza faiba ili isiachwe nyuma, huku Safaricom na wengine wenye mifuko mirefu wakiwafuata wateja wale wale. Hisa ikashuka chini ya shilingi 10.

Mwaka 2013 Dimension Data ya Afrika Kusini ikainunua kampuni nzima kwa shilingi 14 kila hisa na kuiondoa sokoni. Aliyenunua kwa 10 na kuvumilia miaka 6 alipata ongezeko la asilimia 40, ambalo halifiki asilimia 6 kwa mwaka ukiacha gawio, katika kipindi ambacho mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20 mnamo Novemba 2011. Aliyenunua ilipokuwa juu ya 20 alipata hasara tupu. Aliyenunua siku za hofu, ilipokuwa chini ya 10, ndiye aliyefaidi. Hao wote watatu walikuwa na hisa za kampuni moja, na huduma yake ilikuwa nzuri.

Tangu hapo hakuna kampuni ya intaneti pekee inayouzwa Nairobi. Faiba ya Jamii Telecommunications, Zuku na Poa hazipo kwenye soko hilo, wala hakuna hisa za Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, zinazouzwa hapo. Anayetumiwa ujumbe wa kununua «hisa za Starlink Kenya» kwa kutuma pesa kwenye namba ya simu anaibiwa. Katika nchi jirani zipo kampuni za simu zinazouza intaneti: Vodacom Tanzania ilianza kuuzwa Dar es Salaam Agosti 2017 kwa shilingi 850 za huko, MTN Uganda ilifika Kampala Desemba 2021 na Airtel Uganda ikafuata Novemba 2023. Lakini mkazi wa Balambala anayenunua huko anaongeza hatari ya kubadilisha fedha, na kwa laki moja haina maana kujisumbua. Kwake iliyobaki ni Safaricom.

Na Safaricom yenyewe ijulikane ni kitu gani. Mwaka uliokwisha Machi 2025 mapato yake ya huduma yalikuwa shilingi bilioni 371.4, na kati ya hizo M-Pesa ilileta bilioni 161.1. Intaneti ya majumbani na maofisini haifiki hata sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo anayenunua hisa hii kwa kupenda intaneti ananunua zaidi biashara ya kutuma pesa, na macho yake yawe huko: viwango vya ada, kodi ya kila bajeti, na lolote ambalo Benki Kuu italisema kuhusu malipo ya simu.

Ipo pia Ethiopia. Safaricom na wenzake walilipa dola milioni 850 kwa leseni mwaka 2021, wakaanza kazi 2022, na tangu hapo nchi hiyo imekuwa ikila fedha. Julai 2024 serikali ya huko iliiachia birr ijitafutie bei sokoni, ikaporomoka, na hesabu za kampuni zikaumia. Ukiitenga Ethiopia, faida ya Kenya peke yake katika mwaka ule wa 2025 ilikuwa bilioni 95.5. Hisa zote za kampuni ni takriban bilioni 40. Maana yake kila hisa ilipata shilingi 1.74 kwa hesabu ya jumla, au 2.38 kwa Kenya pekee. Kwa bei ya 34, mnunuzi analipa karibu mara 20 ya faida halisi ya mwaka, na hata Ethiopia ikiacha kuleta hasara kabisa, bado amelipa zaidi ya mara 14. Mwishoni mwa 2023 alikuwa akilipa chini ya mara 9. Vodacom inaweza kuwa na sababu ya kulipa 34, kwa kuwa inapata usukani wa kampuni, asilimia 55 kwa jumla. Mfugaji mwenye hisa 2,882 hapati usukani wowote, kwa hiyo hana sababu ya kulipa bei ya usukani.

Mshindani wa kuangaliwa ni setilaiti. Starlink ilianza Kenya Julai 2023, na mwaka uliofuata ikaanza kukodisha kifaa chake kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zilazimishwe kufanya kazi kupitia kampuni zenye leseni nchini, jambo linaloonyesha kwamba haikuuchukulia ushindani huo kama mchezo. Kwa shule, zahanati au duka kubwa la Balambala, sahani juu ya paa haihitaji mlingoti wala dizeli yake. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki kuzorota, huenda wenye sahani walijiona wenye bahati. Lakini mchungaji mwenye simu ndogo malishoni bado anautegemea mlingoti, na M-Pesa yake iko humo. Tishio lipo kwa wateja wanaolipa vizuri, si kwa wote.

Kwa Mwislamu, na wakazi wa Balambala karibu wote ni Waislamu, kuna mlango mmoja zaidi wa kupita kabla ya hesabu ya bei. Kiwango cha AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayotumiwa na benki nyingi za Kiislamu, kinataka biashara kuu ya kampuni iwe halali, deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyofaa yasizidi asilimia 5 ya mapato yote, nayo yatolewe sadaka. Kwa Safaricom ugumu uko kwenye mikopo inayopitia M-Pesa: M-Shwari tangu 2012 na Fuliza tangu 2019. Wanazuoni wanatofautiana kuhusu ada za mikopo hiyo. Anayetaka fatwa asimwendee sheikh na jina la kampuni tu. Ampelekee ripoti, amwonyeshe mistari ya mikopo na madeni, kwa sababu jibu lisilotazama tarakimu halimsaidii yeyote kati yao.

Kwa kulinganisha, ipo sukuk (hati ya uwekezaji ya Kiislamu) ya Linzi, iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi Julai 2023 ikiwa na faida inayotarajiwa ya asilimia 11.13 kwa mwaka kutokana na mradi wa nyumba. Si kitu kimoja na hisa, maana haikui pamoja na biashara. Hata hivyo inampa mnunuzi kipimo: gawio la asilimia 3.35 baada ya kodi, kwa bei ya 34, linaiachia kampuni kazi kubwa ya kukua kabla mnunuzi hajafikia kiwango hicho.

Mwenye kuamua kununua afungue akaunti ya kuhifadhi hisa (CDS) kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na leseni hiyo aithibitishe mwenyewe. Mwaka 2008 Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi na maelfu ya wateja wakahangaika. Tangu Agosti 2025 mtu anaweza kununua hata hisa moja, ilhali zamani kwa kawaida alilazimika kuanzia 100, kwa hiyo hakuna sababu ya kuingiza laki yote siku moja. Fedha zisiwe za mkopo. Katika mauzo ya Safaricom ya 2008, watu zaidi ya 800,000 waliomba hisa kwa shilingi 5, wengi kwa fedha za benki. Walipata takriban moja ya tano ya walizoomba, riba ikaendelea kuhesabiwa, na chini ya mwaka mmoja bei ikashuka hadi karibu nusu ya ile 5. Aliyenunua kwa fedha zake alingoja miaka hadi bei ikamrudia. Aliyekopa aliuza kwa hasara. Fedha za hisa pia zisiwe za kuuza ng'ombe wa maziwa au ngamia anayelisha nyumba, kwa sababu ukame hauulizi bei ya hisa imefika ngapi.

Gawio linaweza kuingia moja kwa moja kwenye M-Pesa, jambo jema kwa mtu ambaye tawi la benki liko mbali naye, mjini Garissa. Namba ya akaunti ya CDS iandikwe na kukabidhiwa mtu wa familia. Hisa ambazo warithi hawazijui haziwezi kugawanywa mbele ya Kadhi, na gawio lisilodaiwa huishia kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa.

Basi anunue au asinunue? Aliyenunua siku za 14 asiwe na haraka ya kuuza kampuni nzuri aliyoipata kwa bei nzuri. Asiye nazo, kwa tarakimu za Machi 2025, angoje bei ishuke chini ya 20, ambapo gawio la 1.20 baada ya kodi linakaribia asilimia 6 na pana nafasi ya kukosea bila kuangamia. Inawezekana bei hiyo isirudi. Basi laki yake itakuwa bado ni laki. Wakati anapongoja, asome: Safaricom hutangaza matokeo ya mwaka kila Mei na ya nusu mwaka kila Novemba, na ripoti nzima hupatikana bure.